Mlango Uliopungua Inchi Nane

Mlango ulishuka kwa mlio wake wa kusaga kokoto, ukapita kichwa, ukapita kiuno, ukapita magoti, kisha ukakohoa na kusimama. Mama Pindo akachuchumaa nje, akaingiza tepu kwenye uwazi uliobaki chini, akasoma.

"Inchi kumi na tatu."

"Jana zilikuwa kumi na mbili," sauti ya wifi yake ikajibu kutoka ndani, alikokuwa ameketi juu ya majora ya kitambaa akishona vifungo. Akachungulia kwa chini, shavu karibu liguse sakafu. "Unapanda badala ya kushuka. Tukiuacha hivi, mwezi ujao utakuwa dirisha."

"Cheka tu. Saa kumi na moja jioni sijui kama utakuwa na pa kuchekea. Bonyeza juu niingie."

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi. Soko zima lilikuwa linafunguka, maduka arobaini na mawili kwenye jengo moja jipya, kila duka na mlango wake wa bati wa kujikunja unaoendeshwa na mota. Siku ya ufunguzi watu walipiga makofi kuona milango ikishuka yenyewe kwa kubonyeza kitufe. Mama Pindo naye alipiga makofi, tena kwa nguvu. Alikuwa amengoja duka hilo miaka minne, akishona kwenye baraza ya watu, mvua ikinyesha anakumbatia cherehani kama mtoto mchanga. Alipopewa ufunguo wa duka namba moja, la pembeni kabisa, alilia mbele ya watu wala hakuona haya.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Suruali akishaipinda yeye, haifumuki mpaka kitambaa chenyewe kioze. Ndani ya duka alikuwa na cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kazi ya shule: sweta mia moja na sitini za kukabidhi Jumatatu. Shule ilimpa kazi hiyo kwa sababu ana duka lenye namba. Mwalimu aliyekuja kusaini mkataba alisema wazi kwamba mtu wa barazani hawampi, leo yupo, kesho hayupo. Kwa hiyo duka likienda, sweta zinakwenda, na shule inakwenda, na kilichobaki ni kurudi kwenye baraza kukumbatia cherehani.

Na duka lilikuwa linakwenda leo. Tangazo la uongozi wa soko lilikuwa limebandikwa kila nguzo: duka lisilofungika mpaka chini ifikapo saa kumi na moja jioni litahesabiwa si salama na litarudishwa ofisini apewe mwombaji mwingine. Waombaji walikuwepo, tena wengi. Baadhi yao walikuwa wanapita polepole mbele ya duka lake tangu jana, wakitazama kuta kwa macho ya mtu anayepanga aweke rafu wapi.

Yote yalianza juzi. Mbele ya kila duka kulikuwa na kizingiti kirefu cha zege, wateja wanakipanda kama ngazi. Mikokoteni ya mizigo ilikuwa inakwama, wazee wanajikwaa, mmoja akang'oka jino. Ikatoka amri vizingiti vyote vivunjwe. Vibarua wakaja na tindo na nyundo, wakaanzia pembeni, kwa Mama Pindo, wakavunja kizingiti kimoja, vumbi likajaa mpaka kwenye sindano. Kisha wakaitwa kwenda kuchimba mtaro upande wa pili wa mji, wakaenda zao. Maduka arobaini na moja yakabaki na vizingiti vyake. Jioni ile mlango wa Mama Pindo ukagoma kufika chini.

Jana akaja afisa wa soko. Watu walimwita Muhuri, kwa kuwa hakuna karatasi iliyowahi kupita mbele yake bila kugongwa. Muhuri alipitisha kidole ndani ya reli ambamo mlango hupanda na kushuka, akakitoa cheusi, akakinusa.

"Haya ni mafuta ya cherehani."

"Ndiyo," alisema Mama Pindo. "Naulainisha."

"Nani alikwambia uulainishe?"

Hakuna aliyemwambia. Ndiyo desturi ya mafundi cherehani: kitu chochote kinachozunguka kinatiwa mafuta Jumamosi, bawaba, mkasi, feni, hata magurudumu ya baiskeli ya jirani. Tangu aingie hapa hakuwahi kukosa Jumamosi. Muhuri akafuta kidole kwenye karatasi na kutoa hukumu palepale. Mpangaji ameharibu mlango wa serikali kwa mafuta. Kesho saa kumi na moja jioni angekuja na vitu viwili, kufuli la ofisi na Fomu ya Uharibifu. Akisaini fomu kwamba ameuharibu yeye, angepewa wiki mbili za kununua mlango mpya kwa fedha zake. Asiposaini, kufuli. Mlango mpya ulikuwa na bei ya cherehani nne, na Mama Pindo alikuwa nazo tatu.

Basi asubuhi hii alikunja mikono ya gauni, akachukua sindano ndefu ya kushonea magunia, akaichomeka ndani ya reli ya kushoto na kuanza kukwangua. Kilichotoka kilimshtua. Nyuzinyuzi za sweta za miezi minane zilikuwa zimenata kwenye mafuta, vumbi la kizingiti likaja kukaa juu yake, vyote vikashikana kuwa kitu kizito, cheusi, kirefu kama mkia wa panya.

"Yesu na Maria! Hii tungeifuma tukapata sweta ya mia moja na sitini na moja," wifi akasema.

Mama Pindo hakucheka. Aliona aibu, aibu ya kweli ya fundi aliyeharibu kazi kwa mkono wake. Cherehani ukiitia mafuta unaifungua chini na kuipiga brashi kila siku. Mlango alikuwa anautia mafuta tu na kwenda zake. Kumbe alikuwa anaulisha uchafu.

"Muhuri alisema kweli," alisema kwa sauti ndogo.

"Ukimwambia hivyo, nitarudi kwa kaka yangu nimwambie ameoa kichaa."

"Kweli ni kweli, wifi. Shika hilo beseni."

Wakafanya kazi mpaka saa nne, mmoja reli hii, mwingine reli ile, kwa mafuta ya taa na vitambaa chakavu. Wateja wawili walikuja, wakaona beseni na mikono myeusi, wakasema watarudi. Reli zikang'aa. Chini kabisa, pale kizingiti kilipokuwa, reli zilikuwa na mabaki ya zege yamegandia kotekote kama soksi. Mama Pindo aliyaona, akayakwangua pia, hakuyafikiria zaidi.

"Bonyeza."

Mlango ukashuka. Safari hii haukusaga kokoto, uliteleza kimya mpaka wifi akapiga kigelegele. Kikakatika katikati. Mlango ulikuwa umesimama tena.

Tepu. Inchi nane.

"Juu. Chini tena."

Inchi nane. Mara ya tatu, nane. Mara ya nne Mama Pindo alilaza shavu sakafuni kuhakikisha, nane kamili, wala si nane na robo.

Akaketi pale chini, magoti yamejikunja, akafikiri. Asubuhi mlango ulikuwa unakwama, leo huku kesho kule, kama uzi wenye fundo. Sasa haukwami. Unasimama palepale, kila mara, pale kizingiti kilipokuwa. Basi mota imeambiwa isimame pale. Mtu aliyeufunga aliuambia, na mtu anaweza kuuambia vingine. Akainuka.

"Naenda ofisini kumtaka fundi wao."

"Watakwambia ujaze fomu."

"Nitajaza."

Walimwambia ajaze fomu, na Muhuri mwenyewe ndiye aliyemwambia, huku akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Ombi la fundi hujazwa siku tatu kabla.

"Siku tatu kabla ya nini?" Mama Pindo akauliza.

"Kabla ya siku unayomtaka fundi."

"Namtaka leo."

"Basi ungejaza siku tatu zilizopita."

"Siku tatu zilizopita kizingiti kilikuwepo, mlango ulikuwa mzima."

Muhuri akanyanyua mabega kwa namna ya kusema hayo si yake. Mama Pindo akajaza fomu, akamkabidhi, akaketi kwenye kiti cha wageni. Akafungua mfuko, akatoa sweta, sindano na uzi, akaanza kupinda mkono wa sweta.

"Unafanya nini, mama?"

"Nasubiri fundi."

"Siku tatu?"

"Kazi ninayo." Akauma uzi, akaanza mkono wa pili.

Muhuri alijaribu kumpuuza. Lakini ofisi ilikuwa ndogo, na Mama Pindo ana tabia ya kuhesabu mishono kwa sauti. Watu wakaingia na karatasi zao, wakamsalimia, wakamuuliza kulikoni, akawaeleza wote, kwa upole, kuanzia jino la yule mzee. Alipofika sweta ya nne na mgeni wa sita, Muhuri akanyakua simu.

Fundi akafika saa nane na nusu. Alikuwa kijana mnene mwenye begi la vifaa na shati lenye jina la kampuni iliyofunga milango ya jengo zima. Alisikiliza maelezo huku akitafuna kijiti cha meno, akatabasamu.

"Kitu kidogo hiki, mama. Kuna skrubu ya limiti. Ni kama kumwambia mtu, nenda mpaka pale, usimame. Kizingiti kimeondoka, sisi tunamwambia aongeze hatua. Dakika mbili."

Mama Pindo akamgeukia wifi yake. "Unasikia, wifi? Dakika mbili!"

Fundi akapanda kwenye stuli, akafungua kitundu pembeni ya sanduku la bati lililo juu ya mlango, akazungusha skrubu mara kadhaa, akashuka.

"Bonyeza chini."

Wifi akabonyeza. Mlango ukateleza, ukafika inchi nane, ukasita. Huko juu kitu kikalia, kang! Na mlango ukaanza kupanda.

"Wifi, nimesema chini," alisema Mama Pindo.

"Nimebonyeza chini!"

"Dada, ubonyeze chini," akasema fundi.

"Jamani, mimi sijui kusoma? Kidole changu hiki hapa, kitufe kimeandikwa CHINI!"

Fundi akabonyeza mwenyewe. Mlango ukashuka, ukasita, kang, ukapanda. Watu watatu walisimama wakitazama mlango ulioambiwa ushuke ukiondoka zake kwenda juu. Fundi akaacha kutafuna kijiti. Akaukatisha umeme haraka, uso umebadilika, na Mama Pindo akauona ule uso. Amewaona wengi wa namna hiyo, wateja waliokwisha kujua suruali imekatwa vibaya na wanangoja mwingine aseme.

"Fungua sanduku lote," alisema.

"Hakuna haja."

"Fungua. La sivyo nafungua mimi kwa mkasi."

Fundi akafungua. Wifi akarudisha umeme, akaushusha mlango na kuusimamisha kwenye inchi nane zake. Mama Pindo akasukuma meza ya kukatia, akapanda juu yake kwa magoti, kisha kwa miguu, akachungulia ndani ya sanduku. Alitegemea kuona bati limejizungusha juu ya bomba, duara juu ya duara. Aliona bomba tupu. Bati lote lilikuwa limekwisha kushuka. Kipande cha mwisho kilining'inia kwenye bomba kwa mikanda miwili ya chuma. Bomba likizunguka zaidi, halina la kushusha, linaanza kulizoa bati upande wa pili, na ndiyo maana mlango ulikuwa unapanda.

"Wifi," aliita kutoka juu. "Jora limekwisha."

"Jora gani?"

"La mlango. Hakuna bati tena. Mlango ni mfupi."

Akateremka, akachukua tepu yake ya mapazia. Zilikuwa tepu mbili alizozishona pamoja, na ile ya pili aliiandikia namba upya kwa wino. Akapima bati kuanzia juu mpaka mwisho wake, inchi tisini. Akapima kutoka juu mpaka sakafuni, tisini na nane. Akapima reli. Reli zilikuwa tisini na nane, zimefika mpaka chini, kwenye zile soksi za zege alizokwangua asubuhi.

Akageuka kumtazama fundi. "Reli mlileta ndefu, bati mkaleta fupi. Mkamwaga zege la inchi nane likazika reli, mlango ukapata pa kukalia."

"Mimi sikuwepo, dada," fundi akasema, na ghafla alikuwa amepungua, begi lake kifuani. "Nimeajiriwa mwaka huu."

"Na mingine?"

Fundi alitoa kitabu cha ripoti na kalamu, akaandika, akampa nakala. Mama Pindo akasoma. *Chanzo cha hitilafu: mtumiaji.*

"Mtumiaji ndiye aliyekata bati?"

"Kuna visanduku vitatu, dada yangu. Umeme, mota, mtumiaji. Umeme upo. Mota nzima. Hakuna kisanduku cha mlango mfupi, nitafanyaje? Nikiandika kitu nje ya kisanduku, kesho begi hili analibeba mwingine." Akairudisha skrubu ilipokuwa, akaufunga mfuniko wa sanduku, akaondoka bila kuaga.

Mama Pindo akaketi kwenye cherehani. Hakushona. Wifi alimletea maji, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na mzaha.

"Saini," alisema.

"Nini?"

"Saini hiyo fomu yao, tupate wiki mbili. Jumatatu tunatoa sweta, shule inalipa, huko mbele tutajua. Kaka yuko machimboni anapasua mawe, hajui lolote. Mtoto wako wa mwisho analala juu ya majora haya akitoka shule. Tukifungiwa leo tunafungiwa na sweta ndani. Umefikiria hilo? Sweta za watu!"

Alikuwa amefikiria. Tangu jana hakuwa amefikiria kingine. Angeweza kuisaini ile fomu hata sasa, kwa mkono huu wenye mafuta ya taa, ikaisha.

"Wifi, mteja akiniletea suruali fupi niliyoshona mimi, nimwambie miguu yake imeharibika?"

"Hatuzungumzi suruali hapa."

"Nisikilize. Mafuta nilitia mimi. Hilo nitalisema mbele ya yeyote, na nimelisafisha. Lakini bati hili sikulikata. Nikisaini kwamba nimelikata, nitanunua mlango mpya, na wakija kuvunja kizingiti cha duka la pili, naye atasaini. Na wa tatu. Watatununulisha milango yote arobaini na miwili, na waliokula hilo bati watakuwa wanatutazama tunasaini."

"Na sweta?"

"Shona," alisema Mama Pindo, akakanyaga pedali. "Tuna saa mbili."

Wakashona. Wifi alikuwa amenuna, lakini vifungo vyake vilinyooka mstari.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Muhuri akaja, fomu kwenye jalada, kufuli la ofisi mkononi, kubwa kama ngumi, na mlinzi nyuma yake. Wenye maduka walikuwa wanaanza kufunga. Mlango mmoja mmoja ulishuka na kukaa juu ya kizingiti chake, du!, kisha mwingine, du!

"Umeamua, mama?"

"Nimeamua. Reli niliziharibu mimi kwa mafuta, nikazisafisha, zipitishie kidole. Bati ni fupi, hilo silisaini."

Muhuri hakupitisha kidole. "Kama hutasaini, tokeni nje nifunge."

Wakatoka, Mama Pindo na wifi, kila mmoja na rundo la sweta kifuani, kadiri mikono ilivyoweza. Muhuri akabonyeza kitufe. Mlango ukashuka vizuri, kimya, ukasimama inchi nane juu ya sakafu. Akainama na kufuli lake. Pete ya chuma ya kufungia, ambayo vibarua waliihamishia sakafuni walipovunja kizingiti, ilikuwa chini kabisa, mwisho wa reli. Sikio la mlango lilikuwa huko juu, hewani. Akabonyeza tena. Akausukuma kwa kiatu. Akapiga goti, akashika bati kwa mikono miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Nisaidie," alimwambia mlinzi.

Mlinzi akavuta kidogo, kwa heshima. "Haufiki, bosi."

"Najua haufiki! Vuta!"

Watu walikuwa wamesimama sasa, na funguo zao mikononi. Hakuna aliyecheka. Mama Pindo akaweka sweta zake juu ya stuli ya jirani.

"Funga, mzee," alisema. "Kwenye makaratasi yenu mlango huu unafunga. Wewe ndiye uliyeupokea. Funga basi."

Muhuri akainuka, magoti yake meupe kwa vumbi. Akamsogelea, akateremsha sauti. "Mama Pindo, unataka nini kwangu?"

"Upime."

"Kupima si kazi yangu."

"Kazi yako kusaini?"

Muhuri akasema, kwa sauti iliyowafikia Mama Pindo na wifi tu, "Ililetwa mezani karatasi moja. Milango arobaini na miwili, imekamilika, weka saini hapa. Ilikuwa Ijumaa jioni, wakubwa wamekaa wanangoja, gari linanguruma nje. Nani angepima milango arobaini na miwili? Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu, mama."

Mama Pindo alimtazama. Macho ya fundi cherehani hayana adabu, huenda yenyewe kwenye mshono, akaona kwamba kola ya shati la Muhuri ilikuwa imefumuliwa na kugeuzwa, upande uliochakaa umefichwa ndani. Hufanya hivyo mtu mwenye mashati mawili. Alimwonea huruma, tena nyingi, mpaka ikamkera. Lakini hakulegea.

"Nimekusikia, mzee wangu. Nami nimebakiza sweta hamsini. Pima."

Akapanda kwenye stuli, akashikilia mwanzo wa tepu pale bati linapoanzia, akaiachia ining'inie mbele ya uso wa Muhuri.

"Hiyo tepu ya kushonea si kipimo rasmi," alisema Muhuri.

"Lete iliyo rasmi."

Muhuri akamgeukia mlinzi. Mlinzi akajikuna sikio. "Ofisini hatuna, bosi. Hatujawahi kuwa nayo."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Muhuri akatazama nyuso zile, akatazama ngazi za kurudia ofisini, na labda angeondoka. Lakini tepu ilikuwa inamgusa mkono. Akaishika. Akainama nayo mpaka mwisho wa bati, akasogeza miwani.

"Tisini," alinong'ona.

"Wifi yangu hasikii vizuri," alisema Mama Pindo kutoka juu.

"Sisikii kabisa," alisema wifi.

"Tisini!"

"Na mpaka sakafuni?"

Muhuri akapiga goti tena, akainyoosha tepu mpaka chini. Alikaa kwenye namba ile kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba mbili.

"Tisini na nane."

Mama Pindo alijua kwamba hilo halijamaliza chochote. Kesho wangeweza kuja na barua, na kundi la watu, na kufuli lenye mnyororo mrefu zaidi. Usiku huu angelala dukani na sweta zake, yeye na wifi, kwa kuwa duka lisilofungika haliachwi. Alijua hayo yote na bado alijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu.

Ndipo akasogea mwanamke wa duka la pili, anayeuza ndoo na mabeseni, ambaye kwa miezi minane hakuwahi kumpa Mama Pindo zaidi ya kichwa cha salamu. Mlango wake ulikuwa umeshafungwa, umekaa vizuri juu ya kizingiti.

"Na langu?" aliuliza.

"La kwako linafunga," Muhuri alisema upesi.

"Linafunga, au limekalia zege?" Hakungoja jibu. Akabonyeza kitufe chake, mlango ukaanza kupanda tena. Akauacha ufike nusu, akausimamisha. "Njooni mpime na langu. Wakija na tindo nijue mapema."

"Na la kwangu," mtu akasema upande wa kulia.

Mama Pindo akashuka kwenye stuli, akaibeba, akaenda kuiweka mbele ya duka la pili, mwanzo wa tepu bado uko kidoleni mwake. Mwisho wake ulikuwa bado kwa Muhuri, amepiga goti.

"Usiachie, mzee," alisema. "Mkono mmoja hautoshi, inapinda."

Muhuri alitazama kufuli alilokuwa amelishika. Alilizungusha kidogo, hakuona pa kuliweka, akalitia mfukoni, akainuka na kuishika tepu kwa mikono miwili.